Siku ya Kusajili Macho

Kila asubuhi Taratibu alikunywa chai akiwa amesimama. Kikombe mkono wa kulia, kiatu mkono wa kushoto. Mkewe alikuwa ameshakaa kwenye cherehani karibu na dirisha, akishona sare za shule. Mtoto wao mchanga wa miezi mitatu ndiyo kwanza alikuwa amelala. Alichagua kulala saa ile ile baba yake anapotoka.

"Mtoto huyu ana kisa na mimi," alisema Taratibu.

"Ana kisa na sisi sote," alijibu mkewe. Kisha akasema maneno aliyoyasema kila asubuhi: "Baba watoto, ndugu yangu yuko chini yako."

"Najua," alijibu Taratibu, kama kila asubuhi.

Taratibu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa kazini. Alikuwa dereva wa kreni katika yadi ya chuma. Kreni yake ilitembea huko juu karibu na paa, ikibeba mabomba ya chuma kwa ndoano. Yeye alikaa katika kibanda kidogo chenye vioo, akaendesha kwa vishikio viwili. Mzigo wa tani tatu aliushusha kama mtu anayelaza mtoto kitandani. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuangusha hata bomba moja.

Chini yake alifanya kazi mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu, mke na utani usiokwisha. Kazi yake ilikuwa kufunga minyororo kwenye mabomba, kupunga mkono, kisha kusogea kando. Yeye na Taratibu waliitana shemeji, mpaka yadi nzima ikalichukua jina hilo. Hata meneja, ambaye hakuwa na undugu naye wowote, alimwita Shemeji.

Basi maneno ya mke hayakuwa mzaha. Kila mzigo uliopanda, ulipanda karibu na kichwa cha ndugu yake wa pekee.

Jumatatu moja boksi lililetwa yadini. Lilikuwa na ukubwa wa redio ya mezani, lina matundu mawili ya kuchungulia na taa mbili juu, ya kijani na nyekundu. Liliwekwa katika chumba cha nesi. Tangazo lilibandikwa mlangoni: madereva wote wanane wa mashine watapimwa macho kila asubuhi kabla ya kazi.

Kufikia saa nne habari ilikuwa imeenea yadi nzima. Kufikia saa sita ilikuwa imetiwa chumvi ya kutosha.

"Linapiga picha ya ubongo," alisema mmoja.

"Linapunguza nguvu za macho. Baada ya mwaka utavaa miwani, halafu watasema huwezi kazi," alisema wa pili.

"Mimi nimesikia linajua ulikuwa wapi jana na ulikuwa na nani," alisema mlinzi wa getini. Watu wawili waliokuwa wakicheka waliacha kucheka.

Aliyewaka zaidi alikuwa dereva wa foklifti, ile gari ndogo ya kunyanyua mizigo, aliyeitwa Mwanasheria. Hakusomea sheria hata siku moja. Ila kila tangazo alilisoma mpaka mwisho, na hakuwahi kulisoma moja asilione lina hila.

"Jiulizeni," alisema. "Tumefanya kazi miaka yote bila boksi. Kwa nini sasa? Wanatafuta sababu. Wakitaka kukufukuza, watasema macho yako yamekataa. Utakwenda kumlalamikia nani? Macho yako?"

Jumanne nesi aliwakusanya. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, na watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Ndani ya boksi kuna nukta ya mwanga," alisema. "Nukta itatembea. Wewe utaifuata kwa macho tu, bila kugeuza kichwa. Boksi linaangalia jinsi macho yanavyofuata. Macho ya mtu aliye sawa huifuata nukta vizuri, bila kukatika. Macho ya mtu aliyechoka sana, au aliyelewa, au aliyekunywa dawa inayoleta usingizi, huchelewa nyuma ya nukta. Kisha huruka ili kuifikia. Halafu huchelewa tena."

"Na mtu akijikaza?" aliuliza Mwanasheria.

"Unaweza kunyoosha mgongo. Unaweza kunawa uso na kutafuna peremende. Lakini mboni ya jicho haipokei amri yako. Mwanga ukiipiga, mboni hujibana yenyewe. Ukiwa umechoka, hujibana kwa uvivu. Huwezi kuihimiza."

"Na boksi linajuaje macho yangu mimi? Macho ya watu hayafanani."

"Umeuliza vizuri," alisema nesi. "Ndiyo maana Alhamisi tutasajili macho. Siku hiyo boksi litajifunza macho ya kila mmoja yakiwa mazima. Siku nyingine zote litalinganisha na siku hiyo. Kwa hiyo nawaomba sana, Jumatano laleni mapema. Alhamisi mje mmepumzika."

Alidhani amewaonya. Kumbe amewafundisha namna ya kulidanganya boksi.

Wakati wa chakula Mwanasheria alisogeza kiti. Akatazama nyuma, akatazama mlangoni, kisha akashusha sauti.

"Mmesikia alivyosema? Litalinganisha na Alhamisi. Sasa Alhamisi likikusajili ukiwa mzima kabisa, siku yoyote ukichoka kidogo tu, umekwisha. Lakini likikusajili ukiwa hoi, kila siku utaonekana mzima. Wao wanataka tulale. Sisi tusilale!"

Wenzake walitazamana. Mmoja alianza kutabasamu, kisha wote.

Taratibu hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alikuwa akimfikiria mwanawe. Kwa wiki nyingi hakuwa amelala zaidi ya saa tatu kwa siku. Mtoto alikuwa na msokoto wa tumbo, na mkewe peke yake asingeweza kumbembeleza. Taratibu aliogopa. Boksi likiyajua macho yake mazima, lingemkataa kesho yake asubuhi. Na yeye hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Alhamisi madereva wanane walipanga foleni nje ya chumba cha nesi. Wengine walikuwa wamekesha wakicheza karata kwa makusudi. Taratibu hakuhitaji karata, mwanawe alimsaidia. Macho ya wote yalikuwa mekundu kama wametoka kumenya vitunguu.

"Umelala vizuri?" nesi alimwuliza wa kwanza.

"Fofofo."

"Na wewe?"

"Fofofo, Nesi."

Ilipofika zamu ya Taratibu, nesi alimtazama muda mrefu kuliko wengine. "Wewe una mtoto mchanga nyumbani. Umelala kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Ni neno moja tu lililohitajika.

"Fofofo," alisema Taratibu.

"Leo yadi nzima imelala fofofo," alisema nesi. "Mbona macho mekundu?"

"Vumbi," alijibu Mwanasheria kutoka kwenye foleni.

Nesi alishuku, lakini meneja alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa. Malori matatu yalikuwa yakisubiri kupakuliwa. Nesi akaandika alichoambiwa. Macho ya wanane yakasajiliwa.

Tangu siku hiyo boksi likawapitisha. Taratibu alichungulia kila asubuhi, nukta ikatembea, taa ya kijani ikawaka, akapanda ngazi kwenda kibandani. Na hapa nataka usome polepole, maana ndipo mtego ulipo. Mwanzoni Taratibu hakuliamini boksi hata kidogo. Baada ya wiki tatu alianza kuliamini kuliko mwili wake. Alipohisi kope nzito alijiambia, "Kijani imewaka. Niko sawa." Yeye mwenyewe ndiye aliyelifundisha boksi uongo, sasa boksi lilimrudishia uongo ule ule, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Nyumbani mkewe naye alikuwa na shaka zake. Mume alirudi macho yamewiva. Alijibu maswali baada ya kuulizwa mara mbili. Siku moja alitia chumvi kwenye chai. Jioni moja mke alilichukua shati lake la kazi akalinusa, kwapa na kola.

"Unatafuta nini?" aliuliza Taratibu.

"Natafuta kinachokufanya uwe hivi. Unakunywa?"

"Mimi? Lini umeniona nikinywa?"

"Sijakuona. Ndiyo maana nanusa."

"Kila asubuhi napimwa macho, mama watoto. Boksi lenyewe limenipitisha."

"Boksi haliishi na wewe," alisema mkewe, akalitupa shati kwenye beseni.

Jumanne moja, saa tano asubuhi, jua lilikuwa limepasha mabati ya paa. Kibandani kulikuwa na joto la kubembeleza. Shemeji alifunga minyororo kwenye mabomba kumi, akapunga mkono, akasogea mahali pake pa kawaida kando ya nguzo. Taratibu aliinua mzigo, akaupeleka kushoto.

Alipepesa macho. Mpaka leo angekula kiapo kwamba alipepesa tu. Alipoyafungua, mzigo ulikuwa umepita mahali ulipotakiwa kusimama. Ulikuwa ukienda kwenye nguzo.

"Shemeji!" sauti ilipanda kutoka chini. "Shemeji! Wewe!"

Taratibu alivuta breki kwa nguvu. Mzigo uliyumba, ukagonga nguzo. Bomba moja likachomoka kwenye minyororo, likaanguka. Yadi nzima ilisikia mlio wake. Taratibu akashindwa kutazama chini.

Alipotazama, alimwona Shemeji amekaa sakafuni hatua mbili kutoka kwenye bomba. Mikono yake ilikuwa kichwani. Kichwa kilikuwa kitupu. Aliporuka, kofia yake ngumu ilimtoka, ikabaki pale alipokuwa amesimama. Sasa ilikuwa chini ya bomba, imekuwa bapa kama sahani.

Taratibu aliteremka ngazi mbiombio. "Shemeji, umeumia?"

Mtu yule ambaye hakuwahi kukosa la kusema aliivuta kofia yake chini ya bomba, akaenda zake.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa dada yake. Taratibu alipofika nyumbani alikuta kofia ile ya njano juu ya meza ya cherehani, katikati ya sare za shule. Mkewe alikuwa ameitazama muda mrefu.

"Dada, hii ilikuwa kichwani kwangu," Shemeji alikuwa akisema.

Mke aligeuka. "Baba watoto, kila siku nakuambia nini?"

"Ni bahati mbaya, mama watoto."

"Ulikunywa?"

"Sikunywa!"

"Ulikuwa unazungumza kwenye simu?"

"Hapana. Boksi asubuhi lilisema niko sawa. Uliza mtu yeyote."

Ndipo Shemeji akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hilo ndilo linalonisumbua, shemeji. Boksi lilisema uko sawa. Basi kama ulikuwa sawa, uliniona. Na kama uliniona, kwa nini hukusimamisha?"

Taratibu alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo. Lakini ili alitoe, ingebidi aseme habari za Alhamisi, na foleni, na fofofo. Aliona aibu, akaufunga mdomo. Mkewe aliuona mdomo ukifunguka na kufungika. Aliona kuna kitu kinafichwa, akaongeza mambo yake kichwani.

Meneja alimpa Taratibu siku tatu za kukaa nyumbani wakati ajali ikichunguzwa. Mkewe hakungoja uchunguzi. Alifunga nguo, akachukua watoto wote, mchanga na wakubwa zake, akaenda kwa mama yake mtaa wa pili.

"Ukiwa tayari kusema unachoficha, unanijua nilipo," alisema mlangoni.

Nyumba ikawa kimya. Taratibu alikaa kitandani ili afikiri, akalala. Aliamka, akala mkate mkavu, akalala tena. Siku tatu zile hakufanya kingine. Huzuni alikuwa nayo, lakini usingizi uliokuwa ukimdai kwa miezi mitatu ulikuwa na nguvu zaidi.

Siku ya nne alirudi kazini mapema. Kichwa kilikuwa chepesi. Hata rangi za malori zilionekana mpya. Akasema moyoni, leo hata wenye shaka wataona. Aliinama, akachungulia. Nukta ikatembea, naye akaifuata bila taabu.

Taa nyekundu ikawaka.

Nyuma yake foleni ilinong'ona. Mwanasheria alirudi hatua moja, kama mtu anayekwepa harufu.

"Jaribu tena," alisema nesi.

Alijaribu tena. Nyekundu.

"Siku tatu nyumbani peke yake," mmoja alisema kwa sauti ya chini ambayo ilisikika vizuri sana. "Mke hayupo. Sasa unafikiri alikuwa anakunywa maji?"

Maneno hayo yalifika mtaa wa pili kabla chai ya mkewe haijapoa. Hakuimaliza. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda yadini moja kwa moja. Mlinzi wa getini alitaka kumwuliza shida yake, alipouona uso wake akafungua geti.

Katika chumba cha nesi alimkuta mumewe kwenye kiti. Shemeji alikuwa ameegemea ukuta mikono imefumbatwa. Mke hakusalimia. Aliinama, akanusa pumzi ya mumewe. Ilinuka dawa ya meno.

"Kaa, mama," nesi alisema. "Hata mimi nina shaka. Lakini shaka yangu ni tofauti na yako."

Aligeuza skrini ya kompyuta ili wote waione. Kulikuwa na mistari miwili.

"Mstari wa chini ni siku ya kusajili macho. Tazameni. Macho yanachelewa, yanaruka. Yanachelewa, yanaruka. Unakuwa kama ngazi. Mstari wa juu ni wa leo. Umenyooka kabisa."

"Mimi sielewi," alisema mke. "Wa leo si ndio mzuri?"

"Ndio mzuri. Macho ya mumeo leo ni mazima kuliko siku yoyote tangu boksi lifike."

"Basi kwa nini limemkataa?"

"Kwa sababu boksi halijui uzuri wala ubaya, mama. Linajua tofauti tu. Siku ya kusajili liliambiwa, haya ndiyo macho ya huyu bwana akiwa mzima. Likakubali. Tofauti ndogo linaivumilia, lakini leo ameleta macho mengine kabisa. Boksi linasema, huyu si yule." Nesi alimgeukia Taratibu. "Sasa nakuuliza tena swali la siku ile. Ulilala?"

Mtoto mgongoni alianza kulia, na Taratibu akamtazama. Alijiona mdogo kuliko huyo mtoto.

"Sikulala," alisema. "Nilikuwa sijalala kwa wiki nyingi. Nilidanganya. Niliogopa nikisajiliwa mzima, kesho yake litanikataa, nitaondolewa kwenye kreni. Siku zote hizo kijani ilikuwa ikiwaka, nami nilikuwa hoi. Siku ya bomba nilisinzia, shemeji. Sikukuona. Naapa sikukuona."

Mikono ya Shemeji iliteremka kutoka kifuani.

"Wewe peke yako ndiye uliyedanganya?" aliuliza nesi.

"Tulikuwa wanane. Ila wenzangu walikesha usiku ule mmoja tu."

Mlangoni kulisikika kikohozi. "Mimi nilitoa maoni tu," ilisema sauti ya Mwanasheria. "Sikumlazimisha mtu."

"Ingia ndani, bwana wa maoni," alisema nesi. "Na mimi niseme langu. Siku ile niliyaona macho yenu. Nilijua hamjalala, nikanyamaza kwa sababu meneja alikuwa na haraka. Bomba lile na mimi nimelibeba."

Mke alimtazama mumewe. "Kwa hiyo hukunywa."

"Sikunywa."

"Ilikuwa usingizi tu."

"Mama, usiseme tu," nesi alimkatiza. "Mtu aliyekesha anaweza kuendesha mashine vibaya kama mlevi. Tofauti yao ni kwamba mlevi tunamnusa. Aliyekosa usingizi hanuki. Ubongo wake unazima kwa sekunde mbili tatu, pengine macho yakiwa wazi, na yeye mwenyewe hajui. Sekunde tatu mzigo wa tani tatu unafika wapi?"

"Kwenye nguzo," alisema Shemeji. Ndilo neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Na dawa ya kikohozi?" aliuliza Mwanasheria kwa sauti ndogo. "Ile tamu tamu?"

"Baadhi yake huleta usingizi. Na baadhi ya dawa za mafua. Muulize anayekuuzia, na uniambie mimi kabla ya kuwasha mashine. Kwani wewe unakunywa?"

"Nina rafiki yangu," alisema Mwanasheria.

Siku ile ile nesi alimfuata meneja. Wenye masikio marefu wanasema sauti yake ya chini ilipanda. Alimwambia kwamba kama taa nyekundu maana yake ni kufukuzwa, watu watadanganya mpaka mtu afe. Boksi haliwezi kumjua mtu anayeogopa kusema ukweli. Meneja alibisha. Kisha nesi akaweka mezani kwake ile kofia bapa, aliyopewa na Shemeji. Meneja akaacha kubisha.

Tangazo jipya lilibandikwa. Taa nyekundu si kosa. Dereva atakayekataliwa ataulizwa hali yake na nesi, faraghani. Siku hiyo atafanya kazi ya chini isiyo ya mashine, na ujira wake utabaki ule ule. Mwanasheria alilisoma mara mbili mpaka mwisho. Hakupata hila yoyote, akaondoka amesikitika.

Macho yakasajiliwa upya. Safari hii kila dereva alipewa kwanza siku mbili za kupumzika.

Nyumbani nako kulihitaji tangazo. Mke alirudi na watoto, lakini hakurudi kimya.

"Wewe umepimwa macho," alisema. "Na mimi nani atanipima? Tazama." Alitandaza shati la shule aliloshona wiki ile. Lilikuwa na mikono miwili, yote ya kushoto.

Taratibu alicheka kwanza. Kisha akaona macho ya mkewe, akaacha. Kwa miezi yote alikuwa akifikiri ni yeye peke yake anayekosa usingizi.

Wakapanga. Baba angelala mapema katika chumba cha watoto wakubwa, mlango umefungwa, kisha angeamka alfajiri kumshika mtoto ili mama alale. Mchana bibi mzaa mama angekuja kumchukua mjukuu kwa saa mbili, na cherehani ingefunikwa kitambaa. Nao wakampeleka mtoto kliniki kwa ajili ya tumbo lake. Haikuwa rahisi. Lakini mashati yalianza tena kuwa na mkono wa kulia.

Ni Shemeji tu ambaye hakurudi kama zamani. Alipewa kofia mpya. Alifunga minyororo, akapunga mkono, kisha akaenda mbali, nyuma ya nguzo ya tatu. Huko alisimama akitazama kibandani mpaka mzigo utulie chini. Hakutania. Taratibu alimwona kutoka juu kila siku, na kila siku ilimuuma.

Miezi mitatu ikapita. Mtoto akaanza kuota meno, na akaona ni vizuri nyumba nzima ijue. Asubuhi moja Taratibu alisimama na kikombe mkono wa kulia, kiatu mkono wa kushoto.

"Baba watoto," mkewe alianza, "ndugu yangu yuko chini—"

"Leo hayuko chini yangu," alisema Taratibu. "Leo sijalala."

Mkewe aliacha kushona. Alimtazama kwa lile jicho lake la shaka, la zamani. Safari hii hakupata cha kunusa.

Yadini Taratibu aliingia kwa nesi kabla ya foleni. "Nesi, mtoto anaota meno. Leo usinipandishe."

"Chungulia hata hivyo," alisema nesi.

Alichungulia. Taa nyekundu ikawaka. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ataifurahia.

Dereva wa akiba alipanda ngazi. Taratibu alivaa kofia ngumu, akaenda chini kuhesabu mabomba. Shemeji alimwona akija, akashangaa.

"Umekuja kufanya nini huku?"

"Sijalala, shemeji. Nimewaambia mwenyewe."

Shemeji alimtazama usoni. Kisha akatoa glavu za ziada mfukoni, akampa. Pamoja walifunga minyororo. Shemeji akapunga mkono, akamshika Taratibu bega, akamvuta kando. Mzigo ukapanda.

Taratibu aliinua kichwa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiyaona mabomba yale kutoka juu, membamba kama penseli. Sasa yalikuwa hewani juu ya macho yake, yakiyumba kidogo, yakiziba mwanga wa paa. Minyororo ililia. Alijikuta amerudi nyuma hatua mbili.

"Shemeji," alisema, "kumbe ukiwa huku chini mzigo ni mkubwa hivi?"

"Ni mkubwa hivi kila siku," alijibu Shemeji.

Walisimama bega kwa bega mpaka mzigo ulipotulia. Kesho yake Taratibu alilala, boksi likampitisha, akapanda. Aliposhika vishikio alitazama chini. Shemeji alifunga minyororo, akapunga mkono. Kisha akasogea mahali pake pa zamani, kando ya nguzo ya kwanza, na akageuka kumtania mtu.